Kichwa cha Taiwo

Jumanne, tarehe kumi na nne Juni, saa mbili asubuhi, sanamu ya pacha ilikutwa haina kichwa katika makumbusho ya Igbo-Aro, upande wa Oyo.

Inspekta Kehinde Ajibade alipiga magoti. Shingo ilikatwa kwa tezo, mapigo matatu, mti haukupasuka. Palipokatwa palifungwa kitambaa cheupe.

"Mwizi gani anafunga kidonda?" alimuuliza Sunmonu, mlinzi.

"Sijui, afande. Mlango hauna kufuli tangu Pasaka. Nilipowaambia wakubwa, wakasema nikae karibu na mlango."

Miguu ya sanamu ilipigiliwa misumari kwenye ubao. Wakubwa hawakutaka iyumbe mbele ya wageni.

Mjini, mkono wa kukata vile ulikuwa mmoja: wa Baba Fagbemi, mchongaji. Ajibade alimkuta nyumbani kwake anakula maharage. Mkekani palikuwa na sahani mbili.

"Baba, mkeo mama Abeke alifariki mwaka jana. Sahani ya pili ya nani?"

"Ya mgeni."

"Mgeni gani?"

Mzee akacheka bila furaha. "Wewe uliyezaliwa pacha, unaniuliza mimi maharage, chakula cha pacha, ni ya nani?"

"Nionyeshe viganja."

Vilikuwa vyekundu kwa ule unga wa mti ambao sanamu za pacha hupakwa zikishaoshwa.

Mzee aliingia ndani, akatoka amekikumbatia kichwa. Kiling'aa mafuta ya mawese. Pua na macho vilikuwa vimelika kwa kuoshwa miaka mingi.

"Taiwo wetu alikufa ana siku nane. Nikamchonga kwa mti, kama desturi ya pacha wetu wanaokufa, Abeke akamlea kama mtoto hai. Wakubwa wakamwazima kwa maonyesho ya wiki mbili. Leo mwaka wa tisa! Kila siku ya soko Abeke alikwenda kuomba amwoshe kichwa tu. Wakamwambia asiguse mali ya umma. Amekufa anaomba."

"Si ungemchukua mzima?"

"Na ile misumari? Ningempasua. Mwili ni mti tu, mwanangu. Majaliwa yake yamekaa kichwani. Nimekata nilichokichonga mwenyewe. Unadhani nimelala?"

Ajibade alitoa mfuko wa vielelezo. Hakumtazama usoni.

"Lazima niondoke nacho, Baba. Na wewe pia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe."

Mzee alikiweka kichwa mkekani, akakisogezea sahani. "Basi ngoja amalize kula."

Inspekta alivua kofia, akangoja. Mwishowe Baba Fagbemi alikitia kichwa mfukoni kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Huko stoo kwenu," aliuliza, "nani atamwosha?"