Vipimo vya Nyuma ya Pazia

Siku ya kwanza Faudhia kuingia soko la Bariadi, alikanyaga kitambaa cha watu. Kilikuwa kitenge cha bluu kilichoteleza kutoka meza ya cherehani, na kiatu chake kikaacha alama ya vumbi katikati.

"Samahani kaka, sikukiona."

"Kitafuliwa," fundi alijibu bila kuinua macho. Kisha akayainua, na hakuyashusha upesi. "Wewe si mtu wa huku."

"Umejuaje?"

"Wa huku angesema pole akaendelea na safari. Wewe umesimama kama unasubiri hukumu."

Faudhia alicheka. Alivaa gauni refu la kijani na mtandio wa rangi ya maziwa, na ndiyo kwanza alikuwa na wiki tatu tangu ahamishwe kutoka Tanga kuja kuwa afisa wa kompyuta mkoani. Fundi aliitwa Mudathiri, mkasi wake ukisifiwa mpaka Mwandoya.

Mudathiri hakuwahi kumpima mwanamke. Kazi hiyo ilikuwa ya dada yake mkubwa, Mwanamisi, aliyempima mteja nyuma ya pazia na kutaja namba kwa sauti. Mudathiri aliziandika kwenye daftari lililochakaa, kisha akakata. Faudhia aliupenda utaratibu ule, ila daftari lilimtia huruma.

"Nitawatengenezea programu," alisema. "Dada aingize vipimo kwenye simu yake, wewe uvione kwenye yako."

Aliimaliza kwa wiki mbili, na kufikia hapo walikuwa wakipigiana simu kila mchana.

"Fundi, umekula?"

"Nimekula ugali na dagaa. Kilichobaki ni sauti yako, laazizi."

"Maneno hayo mmejifunza wapi nyie watu wa bara?"

"Kuna mwalimu kaja kutoka Tanga."

Mwezi wa sita, magari ya pamba yalipoanza kupita, akaja Rahel wa Zagayu, bibi harusi aliyepimwa tangu Aprili. Alikuwa amenenepa kwa furaha. Mwanamisi akampima upya, akaingiza namba mpya, akahifadhi. Mezani, Mudathiri akafungua simu yake na kukata kwa namba alizoziona. Alhamisi gauni likagoma kufunga mgongoni, na harusi ni Jumamosi.

"Mwanangu aingie kanisani mgongo wazi?" mama yake Rahel aliuliza, soko zima likisikia.

Mudathiri alimpigia Faudhia. "Programu yako imeniaibisha."

"Programu haina tatizo. Dada yako hakuhifadhi."

Hapo Faudhia alikosea, na alijua kabla hajamaliza kusema. Mwanamisi ndiye aliyemlea Mudathiri tangu mama yao afariki.

"Dada yangu simsemi hivyo, na wewe usimseme hivyo," Mudathiri alisema, akakata simu.

Gauni aliliokoa. Alifumua mishono ya ubavuni akaingiza vipande vya lesi, na kanisani watu wakadhani ndio mtindo mpya. Lakini simu ya mchana haikulia tena kwa siku kumi, na Faudhia alijua kwamba akikaa kimya zaidi atampoteza mwanamume huyu.

Jumapili alifungua programu yake, akaifuata hatua kwa hatua, akaliona kosa. Angeweza kulirekebisha palepale ofisini na asijue mtu. Mimi nampenda kwa hili: alirekebisha, kisha Jumatatu akaenda sokoni, saa ambayo kibanda hujaa wateja.

"Shikamoo dada. Nimekuja kukuomba radhi. Ulihifadhi. Kosa ni langu."

"Marahaba. Kosa gani tena, mwanangu?"

"Mteja ni mmoja. Vipimo vyake vilitakiwa vikae kwake mwenyewe, kazi ya kupima ivibadilishe hapo, na kazi ya kukata ivisome hapohapo. Mimi nikaipa kila kazi nakala yake. Wewe ulibadilisha ya kwako. Ya kaka ikabaki ya Aprili."

"Kwa hiyo tulikuwa na Rahel wawili," Mudathiri alisema polepole. Aliweka mkasi chini. "Na mimi nina kosa. Siku kumi nimekaa na hasira ya simu moja, sikuuliza umefikia wapi. Nimekukumbuka mno."

Mwanamisi alimshika Faudhia mkono. "Njoo tuijaribu kwako."

Nyuma ya pazia futi ya kupimia ikazunguka kifua, kiuno, urefu. Kila namba aliyoingiza Mwanamisi ilitokea papo hapo kwenye simu ya Mudathiri mezani. Kisha mstari wa "Nguo," uliokuwa mtupu, ukajazwa kutoka upande wa pili: Gauni la harusi.

Mwanamisi alisoma, akamwachia Faudhia simu, akatoka akisema anatafuta pini.

"Fundi, nani ameandika hapa?"

"Mimi. Kama nimekosea, futa. Huku nitaona."

Mudathiri aliitazama simu, akingojea maneno yale yatoweke. Hayakutoweka. Chini yake, kwenye mstari wa tarehe ya kuchukua, yakatokea mengine: Wazee wako wakishafika kwetu Tanga na kurudi.