Baruti ya Boma la Isanga

"Unapima baruti kama mchoyo anayempimia mgeni unga!" Kalunde alifoka, machozi yakimtiririka. "Mwanangu amekufa, na bado unapitisha kisu juu ya mwanzi!"

"Mama, punguza sauti. Watu wanasikia," Nyanzobe alimwambia mama mkwe wake.

"Na wasikie!"

Zama hizo za misafara ya pembe za ndovu, magobori yalikuwa yamekwisha kufika bara, na boma la Isanga katika Unyamwezi lilikuwa limezingirwa na maadui. Baruti yake yote ilipimiwa uani kwa Nyanzobe. Alijaza kipande kilekile cha mwanzi, akasawazisha kwa kisu, akaifunga baruti katika jani kavu la mgomba pamoja na risasi yake. Aliyefyatua kifurushi kimoja alivijua vyote, na alijua risasi itaangukia wapi.

Lakini asubuhi hiyo gobori la mumewe, Ngelela, lilikuwa limepasuka mikononi mwake. Nyanzobe alimtambua kwa bangili ya shaba tu.

"Ningemwacha aende vitani na kipimo cha njaa?" mama mkwe aliendelea. "Jana ulipokwenda kisimani, nilivifungua vifurushi vyake, nikaongeza konzi ya baruti katika kila kimoja. Na vya wenzake pia, nilivyoweza. Angalau aliondoka na kitu cha mama yake."

Nyanzobe alijua: baruti ikizidi kipimo, hupasua gobori. Kwao, mwanamke aliyempimia mwanawe nafaka bila kuacha kichuguu juu ya kipimo alisengenywa na wanawake wote kisimani. Kalunde alikuwa amempimia mwanawe baruti kwa mkono uleule wa kumpimia mtama.

"Vya wenzake vipi, Mama?"

"Nitakumbukaje? Vyote si vimo kapuni?"

Kasanda, mdogo wa marehemu na kiongozi wa wapiganaji, aliingia uani, kaniki yake ikiwa na damu ya kaka yake.

"Shemeji, vijana wameweka magobori chini. Wanaogopa vifurushi vyako, na adui anajipanga mtoni. Nani amemuua kaka yangu? Kama kuna mkono wa mtu, ataburutwa nje ya lango sasa hivi."

Kalunde alikuwa amejiinamia, akilitaja jina la mwanawe. Hakuwa amejua kwamba konzi yake ndiyo iliyomuua. Nyanzobe alimtazama mara moja tu.

"Ni mimi," alisema. "Nilipima vibaya."

"Nilijua!" mama mkwe alilia. "Nilijua ni wewe!"

Kasanda alishika kisu chake, kisha akakiachia. "Hakuna mwingine anayejua kazi hii. Lakini vita vikiisha, utaondoka Isanga, wala hutaweka jiwe kwenye kaburi lake."

"Nimesikia, shemeji. Waite vijana wako waje uani."

Walipokuja, alipindua kapu. Alipasua kila kifurushi, akaimwaga baruti yote kwenye ungo, akaanza upya: mwanzi, kisu, jani. Cha kwanza kilipofungwa hakumpa mtu. Alichukua gobori la kijana aliyekuwa karibu, akakimimina mtutuni, akashindilia, akaegemeza kitako kwenye bega lake mwenyewe, shavu juu ya chuma.

"Nyanzobe, weka chini!" Kasanda alisema.

Akafyatua. Nguzo ya ghala ikatoboka katikati, na gobori likabaki zima. Alimrudishia kijana silaha yake, akaketi, akajaza mwanzi tena.