Mtoto wa Tatu Hana Maziwa

Mnadani Karatu, katikati ya vumbi na moshi wa nyama choma, Hilary alimkanyaga mguu msichana aliyejitanda shuka jekundu juu ya jinzi. Mkononi alishika kompyuta, anawahoji wafugaji.

"Samahani, dada. Unauza ng'ombe?"

"Nawatengenezea programu. Na wewe umekuja kununua, au kukanyaga watu?"

Wakaanza hivyo. Hilary alikuwa dereva wa watalii, Mwiraqw asiyeishiwa maneno. Sinyati, Mmasai wa Malambo, alikuwa akitengeneza programu ya kumbukumbu za mifugo ya ushirika wa kwao. Kila Hilary alipotoka kreta ya Ngorongoro, simu ya Sinyati iliita.

"Umekula, mpenzi?"

"Nakusubiri wewe."

"Basi utakufa njaa, bado niko getini."

Jioni moja Hilary alimfuata kazini na vikombe viwili vya chai. Sinyati alimpa mgongo, anaongea kwa simu na mwenzake wa kazi, Nanyokie.

"Mzazi yuko vizuri. Watoto wawili wanarithi bila shida. Huyu wa tatu ndiye ananiliza, hana maziwa, nami nimekuwa nikimlazimisha. Hapana, Hilary hajui. Nitamwonyesha wakishakaa sawa."

Hilary akaweka vikombe chini, akaondoka kimya. Wapenzi ndivyo walivyo, wakisikia nusu hukimbia na nzima.

Kesho yake akapanda Ngorongoro na wageni, simu za Sinyati hapokei. Sinyati akawa analala na sweta alilosahau Hilary, lenye harufu ya vumbi na mafuta ya gari, analia. Alidhani sababu anaijua: kwao Hilary hawamtaki mkwe wa Kimasai.

Naye Hilary, kule ukingoni kwenye ukungu, alimtamani mpaka chakula kikamshinda. Watoto si tatizo. Kilichomuuma ni kufichwa. Ila kadiri siku zilivyokwenda akaanza kuwawaza. Wanafanana na nani? Yule mdogo anakunywa nini?

Aliporudi hakupita hata kwake kuoga. Alimkuta Sinyati mlangoni, macho mekundu.

"Umefuata nini hapa?"

"Nimeleta vitu." Akatoa masweta mawili madogo na kopo la maziwa ya unga. "Hili la yule wa tatu. Nilisikia hana maziwa."

"Wa tatu nani?"

"Mwanao. Nilikusikia ukimwambia Nanyokie. Umeniumiza kunificha, lakini nawataka wote, wao na mama yao."

Sinyati akakaa kizingitini. "Hilary, wa tatu ni punda."

"Usiwatukane watoto."

"Ni programu, mpenzi. Mzazi anaitwa Mfugo. Umri, chanjo, alama ya mwenyewe, naandika kwake mara moja tu. Ng'ombe, mbuzi na punda ni watoto wake, wanarithi hayo, kisha kila mmoja anaongeza ya kwake. Mimi nikakosea, maziwa nikayaweka kwa mzazi. Basi hata punda, ambaye hatumkamui, akawa anadaiwa lita. Nimeyashusha kwa ng'ombe na mbuzi, tatizo limekwisha."

Akacheka, cheko la mtu aliyetoka kulia. Hilary hakucheka.

"Kwa hiyo hawapo."

"Hawapo."

"Nilishawazoea," akasema. "Hata majina nilishawapa."

Cheko likamkauka Sinyati. Siku zote zile alijiona amekataliwa, kumbe mtu huyu alikuwa anajifunza kuwapenda wanawe. Akamvuta mkono, akamkalisha kando yake.

"Nitajie moja moja," akamwambia. "Tutayahitaji."