Kabari ya Bibi

Kila Jumamosi asubuhi Sindano aliamshwa na mlio wa spana ikianguka kwenye saruji. Mama yake alikuwa fundi wa magari, na gereji yenyewe ilikuwa uani kwao. Jina la Sindano alipewa na Bibi, mama wa mama yake, kwa ajili ya wembamba wake na, kama Bibi alivyopenda kuongeza, kwa ajili ya mdomo wake pia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia uwanja huku akiokota nati zilizopotea. Ya pili ilikuwa kumpelekea Bibi chai.

Siku hiyo Bibi alikuwa amekaa kibarazani, mguu wa kulia juu ya kigoda. Kwa wiki mbili hakuwa amekwenda hospitali kufanya mazoezi ya goti, na daktari alishaonya kwamba likiachwa hivyo litakakamaa kabisa. Tatizo halikuwa uvivu. Gari la nyumbani lilikuwa refu kwenda juu. Ili Bibi aingie, ilibidi Mama amshike kwapani na Sindano amsukume kwa nyuma.

"Nimezaa watoto watano," Bibi alikuwa amesema. "Sipakiwi tena kama gunia la mkaa, majirani wakitazama."

Basi Mama akatafuta vikanyagio vya pembeni, zile ngazi fupi za chuma zinazofungwa chini ya milango ili mtu akanyage kabla ya kuingia.

"Kabari ni kazi yako leo," Mama alimwambia Sindano. Sindano alikuwa ameiomba kazi hiyo mwaka mzima. Alichukua vipande viwili vya mti, akakibana kimoja mbele ya tairi la mbele na kingine nyuma yake. Mama akachora mstari wa chaki kutoka kwenye tairi mpaka kwenye saruji. Akapiga jeki, nyuma ya gari ikapanda taratibu. Kisha akaweka stendi mbili za chuma na kuliteremsha gari juu yake.

"Jeki ni ya kuinulia tu," alisema. "Ya kulibeba gari ni stendi. Sasa kamuulize Bibi anaweza kuinua mguu kiasi gani, nijue kikanyagio nikifunge juu au chini."

Sindano akambebea Bibi tofali. Bibi akaegemea nguzo na kukanyaga.

"Hili la kuku," alisema.

Sindano akaweka la pili juu yake. Bibi akainua mguu, akakunja uso, akaurudisha chini. "Na hili la twiga. Mimi nikae wapi?"

Sindano akatazama huku na huku. Kabari ilikuwa na kimo cha katikati kabisa. Mama alikuwa stoo akitafuta bolti, na kupima kungechukua dakika moja. Akaichomoa ile ya mbele.

Bibi akaikanyaga, akapanda, akasimama wima. Uso ukamchangamka. "Hapa hapa. Pima kabla goti halijabadili mawazo."

Sindano akapima kwa rula yake ya shule. Bibi akashuka, akapanda tena, akaanza kusalimia kwa mkono kama mgeni rasmi jukwaani. Walicheka mpaka Sindano akashika tumbo.

Ndipo akasikia mtu akiimba chini ya gari. Miguu ya Mama ilikuwa imechomoza nje, na spana ilikuwa inalia kwenye bolti ngumu.

Kicheko kikamkauka. Kabari ilikuwa chini ya mguu wa Bibi.

Angeweza kuirudisha kimya kimya. Ilikuwa hatua sita tu, na Mama asingejua. Akisema, kazi ya kabari ingemponyoka siku ile ile aliyoipata. Lakini je, kama tairi lilikuwa limeshasogea?

"Mama," aliita. "Usivute tena hiyo bolti. Toka polepole. Nimetoa kabari."

Wimbo ukakatika. Mama akajiburuta mpaka nje, akasimama mbali na gari. Akachungulia mstari wa chaki. Wa kwenye tairi na wa kwenye saruji haikukutana tena. Ilikuwa imepishana kwa upana wa kidole.

Mama akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Nigombeze na mimi," Bibi alisema. "Nilikuwa nimesimama juu yake nikijiona malkia."

"Njoo hapa, Sindano." Mama akamketisha ubavuni. "Breki ya mkono ya gari hili inashika matairi ya nyuma. Ya nyuma yako wapi sasa?"

"Hewani."

"Basi linashikwa na nini?"

"Kabari," Sindano alinong'ona, machozi yakimtoka.

Mama akanyoosha kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto, kile kilichopinda. "Mimi hiki ndicho kilichonifundisha. Wewe nataka ufundishwe kwa mdomo, ni nafuu zaidi." Akamfuta machozi, akamwachia alama ya grisi shavuni. "Umekosea, tena vibaya. Lakini kosa lililosemwa mapema nimeweza kulikimbia. Ungelificha, lingenikuta chini. Siku zote sema, hata kama utaonekana mjinga."

"Utanipokonya kazi?"

"Nimpe nani? Bibi anazikanyaga. Ila kuanzia leo, kabla mtu hajaingia chini, nitauliza 'Kabari?' Nawe usinijibu mpaka umeziona kwa macho."

Wakaliteremsha gari, wakaanza upya. Mara nne Mama aliuliza, na mara nne Sindano aliinama, akatazama, akajibu, "Zipo." Mchana vikanyagio vilikuwa vimefungwa, kimo kile kile cha kabari.

Bibi akavaa viatu vyake vya kutokea. Akashika mlango, akakanyaga, akapanda, akaketi. Hakuna aliyemgusa. Akalainisha gauni magotini na kutazama mbele, midomo ikimcheza.

"Hospitali," alimwambia Mama. "Na usikimbize."

Mama akawasha gari, akaingiza gia. Gari likajikaza, halikwenda.

Bibi akachungulia dirishani, akamtazama Sindano.

"Kabari?"

Sindano akainama, akatazama kwa macho yake mwenyewe.

"Zipo, Bibi," alijibu, akazitoa zote mbili, akapanda nyuma na kuzipakata njia nzima.