Mzigo Kutoka Bwawani

Kiambi alipozamia mara ya kwanza katika bwawa jipya nje ya Ngaremara, hewa ya mtungi wake wa kuzamia ilinuka moshi wa kuni. Alikuwa ameitwa kuzibua bomba lililozibwa na matawi. Huko chini tochi yake iliangaza visiki vya migunga iliyokatwa kabla ya maji kujaa. Alipita katikati yake, akazibua bomba, akatoka mgongo ukiwa mzito.

Nyumbani Isiolo hakutulia. Aliketi, akainuka, akazunguka meza. Mkewe Nkirote alipomkaribia alisikia, ndani ya kifua cha mumewe, shoka likigonga mti polepole. Wazee wa kanisa walimwombea, shoka likazidi. Mwishowe Nkirote akamwita Sheikh Mahamud, aliyejulikana mtaani kwa kuwatoa majini waliopanda watu.

Sheikh alimsomea dua, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe ni nani?"

Kiambi akajibu kwa sauti ya mwanamke. "Mlikata mti wangu mkanifunika na maji. Nilimpanda huyu ndio nitoke. Lakini mtoto wangu amebaki kwa kisiki. Aniletee, nitamwacha."

"Na asipoleta?" Nkirote akanong'ona.

"Nitachukua huyo aliye tumboni mwako."

Nkirote alikuwa hajamwambia mtu yeyote kuhusu mimba.

Asubuhi yake Kiambi akazamia tena. Alishuka akishika kamba, visiki vikimjia kama watu waliosimama gizani, moshi ukimjaa puani mpaka machozi yakamtoka ndani ya miwani, na alipogusa kisiki kikubwa kuliko vyote akahisi mikono midogo ya baridi ikimpanda mguuni, kiunoni, mpaka ikamkumbatia shingo, naye akapanda juu akijizuia asipige kelele, maana angefungua mdomo angemeza maji.

Sheikh, aliyekuwa akimsubiri ukingoni pamoja na Nkirote, alimwongoza hadi kwenye mgunga mbichi kando ya bwawa. "Shukeni hapa. Mmepata nyumba."

Matawi yakatikisika bila upepo. Mgongo wa Kiambi ukawa mwepesi. Akaketi chini, akatulia, akalia.

Nkirote alikimbia kumkumbatia, lakini njiani akasimama. Kitu kilicholowa maji kilikuwa kimeshika pindo la leso yake.

"Kiambi," akasema taratibu, "umetoka na wangapi?"

Kiambi aliinua kichwa. Alikuwa akitazama nyuma ya mkewe, ukingoni mwa bwawa, ambako nyayo ndogo zilikuwa zikijichora kwenye vumbi, jozi baada ya jozi, zikitoka majini.