Gari la Vitalis Halitoi Cheche

Adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika Gaudens alipoingia Mtaa wa Sikukuu na begi lake la vifaa. Wenye maduka walikuwa wanashusha mageti. Aliyemwita ni Caroline, mjane wa miezi michache tu. Alimkuta amesimama kando ya gari la marehemu mumewe, Vitalis, viti vya nyuma vimejaa mabegi na masufuria.

"Fundi, niwashie tu. Nahamia kwa dada yangu Magomeni. Nyumba hii silali tena."

Mlangoni pa nyumba alisimama shemeji yake, Elibariki, ndugu wa marehemu, mikono kifuani.

"Gari haliondoki," alisema. "Na wewe fundi, rudi ulikotoka kabla sijakuvunja hiyo mikono."

Gaudens aliweka begi chini. Vitisho vya wenye magari alishavizoea. Alifungua boneti, Caroline akaingia kwenye usukani.

Starta ilizungusha vizuri. Pampu ya mafuta ilisikika. Akachomoa koili moja, ile inayozalisha umeme wa cheche, akaichomekea plagi mpya, akaigusisha plagi kwenye chuma cha injini.

"Piga starta, dada."

Injini ikazunguka. Plagi kimya.

Hakuna cheche.

Akapima, umeme ulikuwa unafika kwenye koili. Akaunganisha mashine yake ya kupimia, kisha akakunja uso. Injini ilikuwa inazunguka mbele ya macho yake, lakini kompyuta ya gari ilisoma kwamba imesimama.

"Ni sensa ya kranki," alisema. "Ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Ikikaa kimya, cheche haitoki."

"Usiiguse." Elibariki sasa alikuwa ananong'ona.

Gaudens alitandika boksi, akajisukuma chini ya gari na tochi yake. Harufu ikampiga usoni. Nywele zilizoungua... na udongo mbichi.

Kando ya sensa palifungwa kifurushi cha kaniki, kikubwa kama dole gumba, kimezungushiwa nywele za mtu. Alipokisogezea bisibisi, ikavutwa. Sumaku! Akashusha pumzi. Sumaku ikikaa pale, sensa lazima ichanganyikiwe. Kumbe ni hila za binadamu tu.

Akazikata zile nywele, kifurushi kikadondoka.

Juu yake, kiti cha dereva kikalia. Taratibu... kama mtu mzito anakaa.

"Dada, usiwashe kwanza!"

"Mbona mimi nimeshashuka?"

Kweli. Kandambili zake zilikuwa pale, karibu na gurudumu la nyuma.

Gaudens akatoka chini haraka. Kiti kilikuwa kitupu. Elibariki alikuwa ameshasogea karibu na gari.

"Nilifunga mimi," alisema. "Tangu tumzike, kila jioni anakuja kukaa humo. Anamsubiri mkewe. Nilimfungia gari asije akaondoka naye."

"Mwongo mkubwa!" Caroline alifoka. "Mlitaka kunifunga mimi humu ndani, mnifanye mtumwa wenu!"

Akaruka kwenye usukani. Gari likawaka mara moja. Elibariki alishika kitasa, akakimbia nalo hatua chache, kisha akaanguka. Taa nyekundu zikapotelea kwenye kona.

Gaudens alikuwa bado anakusanya vifaa simu yake ilipoita.

"Fundi..." Caroline alikuwa analia. "Nimezima. Funguo ninayo mkononi. Halizimi."

"Fungua mlango, shuka!"

"Hafungui."

"Nani hafungui?"

Injini tu ilisikika, ikiunguruma.

"Anasema nikae," Caroline akanong'ona.

Simu ikakatika.

Vijana wa Magomeni ndio waliovunja kioo wakamtoa, baada ya gari kuzunguka mitaa ileile mpaka mafuta yakaisha. Alikuwa mzima. Ila tangu hapo hasemi neno, na dada yake akimkalisha kwenye kiti chochote, anasogea pembeni, kama anampisha mtu.

Kesho yake mchana Gaudens alienda Magomeni kuliangalia lile gari. Je, ni sumaku tu ilikuwa inaidanganya sensa? Au Elibariki alisema kweli? Gari lilikuwa kivulini, tanki kavu. Betri walishaing'oa wezi. Akaweka kiganja juu ya boneti.

Ilikuwa ya moto.

Na ilikuwa inatetemeka.