Deki ya Mama Njoka

Jumamosi za soko, mlango wa duka la Mzee Kiambi pale Majengo, mjini Meru, ulikuwa haupitiki. Kiambi aliuza redio, televisheni na deki za kuchezea video, na alipenda kuwasha televisheni tatu zikitazama barabara ili zimvutie wateja. Aliowavuta walikuwa watazamaji. Wachinjaji walivuka barabara na aproni zao zenye damu, wanawake wakashusha mikungu ya ndizi mgongoni, wote wakasimama kula sinema ya bure. Kazi ya kuwafukuza ilikuwa ya Kiende.

Kiende alikuwa binti wa wakulima wa kahawa kule Githongo, wa miaka ishirini na minne, mwenye ulimi mwepesi na sketi ya bluu aliyoipiga pasi mpaka marinda yakasimama yenyewe. Jumamosi moja ya Julai, mwaka wa tisini na tisa, alimwona kijana mrefu mwenye koti la kijani akiwa amejaza mlango mzima.

"Wewe wa koti. Kama hununui, songa."

"Nanunua."

"Wote husema hivyo. Wiki jana ulinunua nini?"

"Wiki jana nilikuwa Embu nasoma mita za maji. Leo nimeamka alfajiri kuja kutafuta deki ya sidi, na ndani ya dakika moja nimefukuzwa mara mbili na msichana mrembo. Ukinifukuza ya tatu naenda kwa jirani."

Watu wakacheka. Kiende alitahayari mpaka shingoni, akainua kipande cha meza ya duka apite.

Jina la kijana lilikuwa Ngari, mzaliwa wa Mbeere, mwajiriwa wa ofisi ya maji mjini Embu. Maduka ya kwao, alisema, yalikuwa na deki za kanda tu. Yeye alitaka ya sidi kwa sababu ya kaka yake. Kaka huyo, Njoka, alikwenda Amerika miaka sita iliyopita, akafa huko Februari na kuzikwa huko huko. Barua ilisema moyo wake ulisimama ghafla. Rafiki yake mmoja alikuwa amempiga picha za video katika siku zake za mwisho, na sasa alikuwa akizinakili kwa kompyuta kwenye sidi, maana kanda za Amerika hazichezi kwenye deki za huku.

"Na mama ana presha ya macho," Ngari alisema. "Daktari ameniambia Krismasi hataiona. Nataka amwone Njoka kabla hajapofuka."

Utani ulimwisha Kiende. Aliteremsha deki mbili kutoka rafuni. Moja ilikuwa kubwa, ya rangi ya fedha, yenye taa za kijani na bei mara mbili ya mwenzake. Ya pili ilikuwa nyeusi, ya plastiki, haina hata jina la kueleweka.

"Hii kubwa ina maringo," alisema. "Ukiipa sidi ya kukopiwa, kama hiyo ya kunakili kwa kompyuta, inaitema. Hii mbaya haichagui. Hata ukiipa kifuniko cha sufuria itajaribu."

"Mama yangu hajawahi kununuliwa kitu kizuri, Kiende."

"Kwani mama anataka deki ama anataka kumwona mtoto wake?"

Ngari aliisukuma kando ile kubwa. "Niwekee hiyo mbaya mpaka sidi ifike."

Sidi ilichukua miezi miwili kufika, na miezi miwili inatosha. Wahenga walisema penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. Kila Jumatano saa saba Ngari alisimama kwenye kibanda cha simu karibu na posta ya Embu, na simu ya duka ikilia Kiambi alimwachia Kiende bila kuiinua.

"Hapo ni kwa deki mbaya?"

"Hapa ni kwa msichana mzuri. Deki imelala."

"Iambie naipenda."

"Si uiambie mwenyewe? Jumamosi, Chuka."

Chuka ilikuwa katikati ya njia ya Meru na Embu, kwa hiyo hakuna aliyejisifu kuwa amefuatwa. Walikula chapati na maharagwe katika hoteli moja yenye meza za mabati. Kiende alimpenda kwa jinsi alivyomtaja mama yake: hakujifanya shujaa, alikuwa na hofu tu. Mwisho wa Agosti Ngari alimwambia kwamba amezungumza na wazee wake. Desemba wangepanda Githongo kuposa, na mzigo wa miraa kwa baba yake Kiende, kama inavyotakiwa kwa Wameru.

"Mtu wa Mbeere ataijua miraa nzuri?"

"Nitakuja na wewe unichagulie."

Septemba Ngari alifika dukani na sidi ndani ya bahasha. Ilibidi ijaribiwe, lakini yeye alikataa kutazama. Mama alikuwa amemwapisha kwamba hakuna jicho la nyumbani litakalomwona Njoka kabla ya lake yeye aliyemzaa. Akavuka barabara, akasimama buchani, mgongo dukani.

Kiende aliitia sidi kwenye ile deki nyeusi, akafunga sauti wateja wasisikie. Picha ikaja mara moja, safi kabisa.

Kulikuwa na kitanda cha hospitali. Ndani yake palikuwa na mtu ambaye shuka lilimlalia kana kwamba hapana mtu. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka, shingo haishiki kichwa. Kiende aliijua hali ile. Miaka ile nani hakuijua? Githongo walikuwa wamezika watano kwa mwaka, na hakuna msiba hata mmoja uliotaja ugonjwa. Huo moyo haukusimama ghafla. Mtu yule aliisha taratibu, mwaka mzima au zaidi, na kwao hawakuambiwa.

Alitazama dakika tano, akaitoa. Akamfikiria mama mmoja ambaye macho yake yamebaki na kazi moja tu duniani, na kazi yenyewe ndiyo hii. Akaona ni ukatili. Akaona afadhali mama yule apofuke akimkumbuka mwanawe alivyoondoka, mzima, mwenye suti. Hakumuuliza mtu. Huruma ilimpanda kichwani kama pombe, ikamwamulia.

Ngari aliporudi alimkuta amekwisha kuifunga deki kubwa ndani ya katoni.

"Inacheza?"

"Inacheza vizuri. Lakini nimefikiria. Chukua hii kubwa. Ulisema kweli, mama anastahili kitu kizuri."

"Si ulisema inatema?"

"Hizi zilizokuja juzi hazina shida."

Akamwamini. Kwa nini asingemwamini?

Jumatano iliyofuata simu ililia. Deki ilikuwa ikiizungusha sidi kidogo kisha inaandika kwenye kioo kwamba hakuna kitu. Kiende akasema labda imekwaruzwa njiani, aandike Amerika atumiwe nyingine. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili, na wa pili ulikula wiki tisa. Katikati ya Novemba sidi mpya ilifika, deki ikaitema vilevile, na Ngari akaita fundi.

Simu yake ya mwisho haikuja Jumatano. Ilikuja Ijumaa.

"Fundi ameniambia deki aina hii haisomi sidi ya kukopiwa, na muuzaji yeyote anajua. Ulijua?"

"Nilijua."

"Kiambi alikupa ngapi ili uniuzie ile kubwa?"

Kiende alifungua mdomo. Kujitetea ilikuwa ni kusema alichokiona, na hakutaka Ngari akijue kwa simu, amesimama barabarani.

"Nimekuelewa," Ngari alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilimchoma zaidi. "Juzi mama ameniuliza kwa nini sijawasha taa. Ilikuwa saa sita mchana, Kiende."

Laini ikakatika. Kiende alilia palepale mezani, mbele ya wateja.

Jumatatu aliomba ruhusa, akainunua ile deki nyeusi kwa mshahara wake, akaifunga kwa leso yake ya kiunoni na kushuka Embu. Ngari alimfungulia mlango wa chumba cha kupanga alimokaa na mama yake, akiwa na ndevu za siku nne. Alimtazama Kiende, akatazama mzigo, hakumkaribisha.

"Sikupewa hata shilingi," Kiende alisema. "Niliijaribu sidi, nikamwona kaka yako. Ngari, alikuwa mgonjwa sana. Ugonjwa wenyewe unaujua. Nikaona mama asione vile. Ndiyo sababu."

Ngari alishika fremu ya mlango.

"Nani alikutuma uamue?"

Kiende alianza kufungua fundo la leso.

"Ni nani huyo?" sauti ya mwanamke iliuliza kutoka ndani.

"Ni mtu wa deki, mama."

"Basi muingize. Tumemngoja sana."

Mama Njoka aliketi kitandani, kilemba cheupe kichwani, uso umeelekea ukutani mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kiende aliunganisha nyaya. Deki nyeusi ikaimeza sidi, na safari hii sauti ilikuwa wazi. Njoka alizungumza Kimbeere, kwa pumzi fupi. Kimeru cha Kiende kilitosha kumwelewa.

"Mama, nimemwambia rafiki yangu asizime kamera. Nilikuficha hali yangu kwenye barua. Sasa sikufichi tena. Niangalie, mama. Nataka uniangalie hivi nilivyo."

Mama aligeuza uso kuifuata sauti. Aliyafungua macho yake kadiri alivyoweza.

Ngari alikuwa amesimama nyuma ya televisheni, hawezi kuja upande wa picha.

"Yukoje?" mama aliuliza. "Wewe mtu wa deki, nakusikia unalia. Niambie yukoje."

Kiende angeweza kusema ni mnene, anatabasamu. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

"Amekonda, mama. Amekonda sana. Mifupa ya mashavu inaonekana. Anashindwa kuinua kichwa, kuna mkono wa mtu unamshikia."

"Macho?"

"Macho ni makubwa. Yanatazama huku."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole.

"Barua zake zilipoanza kuwa fupi nilijua," alisema. "Kwani mama ana haja ya kuambiwa? Mimi sikuomba kumwona akiwa mnene. Niliomba kumwona."

Kiende alihisi maneno yale yakimkata mahali ambapo hapatapona. Sidi ikafika mwisho. Alitoka nje kimyakimya, na Ngari akamfuata mpaka langoni, penye mita ya maji.

"Wazee hawatakuja Githongo," Ngari alisema.

"Najua."

"Sikuchukii. Ningekuchukia ningepata nafuu. Lakini kila nikikutazama nitaona kitu ambacho mama hakukiona."

"Najua, Ngari."

Walisimama. Kiende alimshika mkono, au yeye ndiye aliyeshikwa, na hakuna aliyetaka kuachia kwanza. Kisha mama akaita kutoka chumbani kwamba sidi irudiwe, na mtu aje amwelezee picha polepole, tangu mwanzo.

Ngari aliuachia mkono akaingia. Kiende alimsikia akianza: "Kuna kitanda, mama. Kuna..." Hapo sauti ikamkatika. Akajaribu tena, ikamkatika tena.

Kiende alipangusa uso kwa leso, akarudi ndani na kuketi kitandani kando ya mama yule ambaye hatakuwa mama mkwe wake. Ngari alisogea, akampa nafasi bila kumtazama.

"Kuna kitanda," Kiende alisema. "Shuka ni jeupe. Dirisha liko upande wa kushoto, na nje kuna theluji."